Mwanaume Gani Anasuka?

Nimekuwa kimya kidogo. Si uvivu. Kuna msukosuko nyumbani, na chanzo chake ni kichwa changu. Nikisema kichwa simaanishi mawazo, namaanisha nywele.

Wanaonifahamu wanajua kwamba tangu nimalize chuo sijakaa kwenye kiti cha kinyozi. Huu mwaka wa tatu. Ukizivuta zinafika mabegani, ukiziacha zinasimama kama kichaka. Sasa dada yangu anaolewa wiki ijayo, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutambulisha ndugu wa upande wetu pale ukumbini. Nikasema kwa siku kubwa kama hiyo siendi na kichaka, nitasuka. Tena si ile mistari ya haraka haraka ambayo akina dada wanaiita twende kilioni. Nataka msuko wa maana, wa kukaa chini nusu siku.

Mzee aliposikia akaweka kikombe cha chai mezani taratibu. "Mwanangu, mwanaume gani anasuka? Nyoa, au kazi hiyo nampa binamu yako."

Sikumjibu. Ila swali lake, hata kama yeye hakukusudia, ni swali la historia, na mimi nalipwa mshahara (mdogo) kwa kufuatilia maswali. Kwa hiyo nalijibu hapa.

Mwanaume gani anasuka? Tuanze na mfalme.

Tewodros wa Pili wa Ethiopia alizaliwa karibu mwaka 1818 akiitwa Kassa. Hakuwa mtoto wa ikulu anayesubiri zamu yake. Alianza kama kiongozi wa wapiganaji wa msituni, akawashinda wakuu wa majimbo mmoja baada ya mwingine, akavikwa taji mwaka 1855. Michoro inamwonyesha nywele zimesukwa mistari kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Waethiopia msuko wa namna hiyo wanauita shuruba, na wanaume wa vita waliuvaa kama leo afisa wa jeshi anavyovaa nyota begani. Yohannes wa Nne, aliyetawala kuanzia 1872 mpaka alipofariki kwa majeraha ya vita mwaka 1889, naye alisuka. Huyo picha zake za kamera zipo kabisa, mistari imenyooka, unaweza kuihesabu.

Kilichompata Tewodros ndicho kilichonikamata. Alimwandikia barua Malkia Victoria, haikujibiwa. Akakasirika, akamfunga konsuli wa Uingereza pamoja na Wazungu wengine. Waingereza wakaleta jeshi la askari kama 13,000 kutoka India chini ya Jenerali Robert Napier, wakapanda milima mpaka ngome ya Magdala. Tarehe 13 Aprili 1868, alipoona mambo yamekwisha na hataki kukamatwa, Tewodros alijipiga risasi. Wale askari wakabeba walichoweza kubeba: taji, vitabu vya kanisa, misalaba. Mtoto wake Alemayehu naye akachukuliwa, akafia Uingereza mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 18. Na wakamkata maiti nywele.

Hebu fikiria hilo. Dhahabu ipo, vitabu vya thamani vipo, halafu mtu anachukua mkasi. Shungi la nywele za mfalme likafika London, na mwaka 1959 familia ya afisa aliyemchora Tewodros akiwa maiti ikalikabidhi kwa Makumbusho ya Taifa ya Jeshi. Lilikaa huko mpaka Machi 2019, Waethiopia walipokabidhiwa nywele za mfalme wao ili zikazikwe pamoja naye. Miaka 151 imepita. Vitu vingi vya Magdala bado viko Uingereza mpaka leo, lakini nywele zilirudi. Nadhani hata mwenye makumbusho alikuwa anaona vibaya kuendelea kukaa nazo.

Najua mzee atasema hao ni Wahabeshi, wana mambo yao. Sawa, turudi nyumbani.

Msusi wangu ni Mmasai. Wakazi wa Dar mnawajua hao vijana wanaokaa na viti vyao vya plastiki, shuka begani, chanuo mkononi, wakisokota nywele za akina dada nyuzi nyembamba nyembamba mpaka unashangaa vidole vile vimetengenezwa na nini. Watu wanauita msuko wa kimasai, wanalipa, wanaondoka. Wachache wanajiuliza mwanaume aliyelelewa kuchunga ng'ombe alijifunzia wapi kazi hiyo.

Alijifunza kwenye umorani. Kijana wa Kimasai akishatahiriwa na kuwa morani huacha nywele zikue. Ndiyo fahari yake. Husokotwa nyuzi nyingi ndogo, zikarefushwa wakati mwingine kwa kuongeza uzi, nyingine zikaning'inia mbele kwenye paji la uso na nyingine zikakusanywa nyuma kama mkia mrefu, kisha zote zikapakwa mafuta na udongo mwekundu. Hajisuki mwenyewe, na hasukwi na mwanamke. Morani husukwa na morani mwenzake, kichwa kimelala kwenye mapaja ya rafiki, saa baada ya saa. Kwa hiyo kila morani ni msusi. Mjini amekuja na ujuzi alioupata kule kule, isipokuwa wateja ndio wamebadilika. (Aliniambia wazee wa kwao hawapendi hata kidogo kusikia anashika vichwa vya wanawake. Kumbe na yeye ana mzee wake!)

Halafu inakuja siku ya kunyolewa. Katika sherehe ya Eunoto, morani wanapovuka kuelekea utu uzima, ni mama mzazi anayemnyoa mwanawe, akilowesha kichwa kwa maji na maziwa. Wanaume waliokuwa wakitisha nchi nzima hulia hapo, wengine hutetemeka na kuanguka. Nilimuuliza msusi wangu kama na yeye alilia. Akavuta nywele kwa nguvu kidogo, nikanyamaza.

Sasa angalia tarehe. Tewodros alikatwa nywele 1868. Miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa 1968, serikali yetu wenyewe mkoani Arusha ilikuwa katika kampeni ya kuwavalisha Wamasai nguo za "kistaarabu". Suruali ikawa amri. Lubega ikapigwa vita, udongo mwekundu ukapigwa vita, na nywele za kusuka za wanaume nazo zikawekwa kwenye orodha ya mambo ya aibu. Taifa changa lilitaka kuonekana la kisasa, na morani aliyesuka alionekana kama doa kwenye picha. Nawaelewa viongozi wale kwa kiasi fulani, walikuwa wamechoka kuona Afrika inauzwa kwa watalii kama mbuga ya wanyama. Lakini hawakumuuliza mwenye nywele.

Na hapa ndipo panaponichekesha. Tarehe 1 Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana hapa Dar, safari hii dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na mawigi. Kwa nini mawigi? Kwa sababu ni ya kizungu. Kwa hiyo Arusha ukisuka umezidi ushenzi, Dar ukivaa wigi umezidi uzungu. Kilichobaki ni kipi? Nywele fupi, zimechanwa, kama za mtoto wa shule ya misheni. Nadhani ile ndiyo picha iliyomo kichwani kwa mzee, maana mwaka huo yeye alikuwa kwenye dawati la shule. Na mimi nilirithi. Shuleni kwetu kulikuwa na ukaguzi kila Jumatatu, na ukikutwa na nywele zinazoshikika, mwalimu wa zamu alipitisha mkasi katikati ya kichwa, mstari mmoja tu, kisha unarudi darasani hivyo hivyo. Hakumalizia. Kumalizia ilikuwa kazi yako.

Nilidhani hoja zangu zimeishia hapo. Juzi bibi akafika na basi kutoka Dodoma kwa ajili ya harusi. Sisi ni Wagogo, sikuwa nimesema. Ugogo ndiko misafara ya zamani ilikopita na kulipa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia. Richard Burton alipita 1857, Stanley akapita 1871, na wote waliandika juu ya watu wetu kwa lugha ambayo ukiisoma damu inachemka. Lakini katika matusi yao wameacha ushahidi: masikio yaliyotobolewa na kutanuliwa, na nywele ndefu za wanaume, zilizosokotwa kwa ufundi mkubwa. Nilikuwa nimesoma hayo chuo, nikajibu mtihani, nikasahau. Haikunijia hata mara moja kwamba wale ni babu zangu.

Bibi alinikalisha chini, akaingiza vidole kwenye kichaka changu kama mtu anayepima mtama. Akauliza nani ananisuka. Nikamwambia mzee amekataa. Akacheka mpaka akakohoa. Baba mkwe wake, yaani babu wa mzee wangu, alikuwa akisuka ujanani, nyuzi nyembamba zilizofika mgongoni, na alipozeeka akiwa na upara bado alikuwa anasimulia jinsi wasichana walivyokuwa wakizitazama kwenye ngoma. Picha hatuna. Hakuna aliyekuja kijijini na kamera kwa ajili yake, wala hakuna makumbusho yenye shungi lake.

Kwa hiyo nimechagua. Mbele itakuwa mistari ya kwenda nyuma kama ya Tewodros, minane, inayoishia utosini. Kuanzia utosini nitasokotwa kimasai, nyuzi nyembamba mpaka mabegani, kisha zifungwe pamoja kwa kamba ya ngozi ili nisionekane nimetoka kitandani. Msuko wa babu yangu siujui ulikaaje hasa, bibi naye alionyesha kwa mikono tu, lakini hizo nyuzi za mgongoni ni kwa ajili yake. Msusi anasema nije Ijumaa asubuhi na mapema, nije nimeshiba.

Jana usiku bibi alimwita mzee chumbani wakafunga mlango. Walikaa muda mrefu. Mzee alipotoka alipita sebuleni bila kunitazama, akafika mlangoni kwake, akasimama.

"Ule udongo mwekundu usipake," akasema. "Suti ni ya kukodi."