Foleni na Kura: Mfumo wa Alama katika Ugawaji wa Vibali vya Uwindaji Magharibi mwa Marekani

Katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, wanyamapori huhesabiwa kuwa amana ya umma chini ya uangalizi wa jimbo. Kwa hiyo, waombaji walipozidi vibali vya kuwinda wanyama wakubwa, vibali viligawiwa kwa bahati nasibu. Kura, hata hivyo, haina kumbukumbu: aliyekosa miaka kumi alilingana na aliyeomba jana. Lalamiko hilo ndilo lililozaa mfumo wa alama, ambapo kila anayekosa huongezewa alama moja.

Colorado iliwatanguliza wenye alama nyingi. Utaratibu huo waonekana wa haki mpaka hesabu ifanywe: vibali 10 kwa mwaka kwa waombaji 300 ni foleni ya miaka 30, hata asipoongezeka mtu. Kijana anayejiunga leo huenda akalipa ada hadi uzeeni, miguu isipoweza tena mlima. Nevada huzidisha alama kwa zenyewe, ila mwombaji mpya hafungiwi mlango. New Mexico na Idaho zilibaki na kura tupu. Kuurekebisha mfumo ni kugumu, kwani wenye alama huziona kama akiba yao, na kuzipunguza thamani huitwa dhuluma.