Askari, Chupa na Silaha: Hoja kutoka Isiolo

Isiolo ni mji uliokulia mikononi mwa jeshi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Kisomali waliowatumikia Waingereza walipewa makazi hapa, na vizazi vyao bado vipo. Leo mji huu una chuo cha jeshi cha kufundishia askari wa miguu, na ukishika barabara ya kaskazini hukawii kufika Archers Post, ambako wanajeshi wa Uingereza nao hufanya mazoezi kwa risasi halisi. Kwingineko, kama askari aruhusiwe kunywa pombe akiwa kwenye operesheni ni suala la nidhamu katika vita vya mbali. Hapa linawahusu mchungaji anayepitisha ngamia kando ya uwanja wa mazoezi na mama muuza chai barabarani.

Msimamo wangu ni kwamba yeyote aliyekabidhiwa silaha nje ya kambi yake ya kudumu, ndani au nje ya nchi, asinywe kabisa. Ila marufuku hiyo itakuwa hadaa tupu isipoanzia kantini.

Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012 inauhesabu ulevi kuwa kosa. Tatizo ni kwamba kinachoadhibiwa ni kulewa, si kunywa. Askari hana hatia mpaka ionekane kwamba hafai tena kufanya kazi au ameleta fujo. Kipimo hicho kinatosha katika kambi ya mjini wakati wa amani. Kwenye operesheni kinachelewa mno, kwa maana aghalabu kutofaa kwake kutagunduliwa siku adui au raia atakapokuwa mbele yake.

Tuangalie jinsi mwili unavyofanya kazi. Ini huchukua takriban saa mbili kuondoa pombe iliyomo katika chupa moja ya bia ya nusu lita. Aliyekunywa chupa nne kati ya saa mbili na saa nne usiku atakuwa na pombe damuni hadi karibu na alfajiri, usingizi wake utakuwa wa mang'amung'amu, na katika joto la kaskazini atakuwa amepoteza maji mengi kwa sababu pombe huongeza mkojo. Kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Sisemi hata kidogo kwamba pombe ilihusika katika msiba ule, na kuwasingizia mashujaa wetu jambo hilo ni dhuluma. Ninachosema ni kwamba alfajiri ndiyo saa ya adui, na ndiyo saa ambayo mnywaji wa jana yuko dhaifu zaidi.

Wanaopinga marufuku wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema bia mbili baada ya doria huwaunganisha askari na kuwapunguzia mzigo wa waliyoyaona. Wajerumani waliokuwa Afghanistan waliruhusiwa kiasi kidogo cha bia kwa siku, na jeshi lao halikusambaratika. Lakini Septemba 2009, ndege za muungano wa NATO zilipowaua raia huko Kunduz, Jenerali Stanley McChrystal, kamanda wa majeshi ya muungano huo nchini humo, aliripotiwa kukasirishwa na hali ya baadhi ya maofisa wa makao makuu ya muungano mjini Kabul, akapiga marufuku pombe pale. Yaani hata ruhusa yenye mipaka iliwafikia waliotakiwa kuamua haraka, kwa akili timamu.

Hata hivyo, marufuku ya karatasini haitoshi, na mfano mchungu zaidi unatoka kwa Wamarekani wenyewe. Tangu vita vya Ghuba, majeshi yao katika nchi kadhaa za Kiislamu yamekatazwa pombe kwa amri. Amri hiyo ilikuwa ikitumika Machi 2012 wakati sajini mmoja, aliyekuwa amekunywa na wenzake usiku huo, alipotoka kambini Panjwai, mkoani Kandahar, Afghanistan, akawaua raia 16. Pombe ilikuwa imeingia kambini kwa siri, na waliojua walinyamaza.

Hapo ndipo ninapogombana na wale wanaodhani amri pekee inatosha. Kwa miaka mingi kantini za jeshi nchini zimewauzia askari bia kwa bei nafuu kuliko ya mtaani. Kijana hunywa kila jioni kwa miaka sita, kisha anapandishwa ndege kwenda Somalia na kuambiwa aache leo. Mtu aliyezoea pombe akikatizwa ghafla hupata arosto: mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humkimbia. Siku ya pili au ya tatu aliyeathirika sana anaweza kupata kifafa au kuona visivyokuwepo. Fikiria mtu huyo yuko handakini na kidole chake kiko kwenye kifyatulio. Askari apimwe miezi kadhaa kabla ya kupelekwa, atibiwe bila kupoteza cheo, na bia ya kantini iuzwe bei ya sokoni.

Na raia? Mwaka 2012 huko Nanyuki, Agnes Wanjiru, msichana wa miaka 21 aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano, alionekana mara ya mwisho akiwa na wanajeshi wa Uingereza katika baa ya hoteli. Mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji taka. Mwaka 2019 mahakama iliyochunguza kifo chake ilikata kauli kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Baa si kiini chote cha kisa hiki, ila askari wa kigeni anayelewa katika mji wa watu wasio na nguvu ya kumshtaki ni hatari ambayo hakuna kamanda anayeweza kudai hakuijua. Nasi hatuna haki ya kuwanyooshea wageni kidole peke yao. Tangu Februari 2023 wanajeshi wetu wenyewe wamepelekwa Samburu na kaunti jirani kupambana na wezi wa mifugo, na wanatembea na bunduki katikati ya vijiji.

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ulinzi mwaka 2021, na makubaliano ya aina hiyo hujadiliwa upya. Yatakaporudi mezani, Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Taifa idai kifungu kimoja kisicho na mwanya: kuanzia siku askari anapokabidhiwa risasi hadi atakapozirudisha ghalani, pombe isiguse mdomo wake. Kifungu hichohicho kiandikwe katika sheria yetu wenyewe, kwa Mkenya kama kwa Mwingereza.