Yaya wa Kwenye Picha: Kutoka Missouri Hadi Kibanda Umiza cha Tunduma

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, watu wa miji kama Tunduma, mpakani mwa Zambia, waliona picha kwenye kibanda umiza: mabenchi, deki, televisheni moja na kijana wa kukusanya kiingilio mlangoni. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori ya kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, angefanya nini kingine jioni? Za ngumi na bunduki ndizo zilizovuta watu, lakini za kutisha nazo hazikukosa wateja. Miongoni mwazo imo aina moja isiyochuja: binti kaachiwa watoto wa watu usiku, na mbaya wake yuko karibu kuliko anavyodhani.

Chimbuko lake, inasemekana, si mchezo. Machi 1950, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri nchini Marekani, msichana wa miaka 13 aliuawa akiwa anamwangalia mtoto wa watu. Hakuna aliyetiwa hatiani. Kufikia miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikuwa wakisimuliana kisa cha yaya anayesumbuliwa na simu ya mtu asiyemjua. Mwaka 1978 John Carpenter akatoa Halloween, picha ya bajeti ndogo kuhusu yaya anayewindwa na muuaji, iliyomtoa Jamie Lee Curtis. Mwaka uliofuata Fred Walton akakichukua kisa cha simu kama kilivyo, akakiita When a Stranger Calls. Dakika zake 20 hivi za mwanzo ndizo zilizobaki vichwani: mpigaji anauliza kama watoto wameangaliwa, kisha polisi wanagundua kuwa simu inapigwa kutoka ndani ya nyumba ileile. Mwaka 2006 Simon West aliirudia picha hiyo, akazinyoosha zile dakika 20 zikawa picha nzima. Kwa maoni yangu, ilipoa.

Kibandani, kizuizi kilikuwa lugha. Hapo ndipo walipoingia watafsiri, Lufufu wa Dar es Salaam akiwa gwiji wao, wakaweka sauti zao juu ya kanda na baadaye sidii. Mtafsiri hakutafsiri tu. Alionya, alikejeli, alimpa stelingi ushauri ambao mwandishi wa picha hakuuwaza. Hata kitisho chenyewe kilikuwa kigeni: simu ya waya ndani ya nyumba ilikuwa kitu cha wachache. Leo Tunduma karibu kila mtu ana simu, na ukisogea mpakani inaweza kudaka mtandao wa Zambia. Mpigaji anaweza kuwa nchi nyingine kabisa.

Lakini yaya wa Marekani si yaya wetu. Yule ni binti wa jirani, analipwa kwa saa, na usiku uleule anarudi kwao. Wetu katoka kijijini, tuseme Ileje au Mbozi, na analala humohumo anamofanya kazi. Mlango ukifungwa usiku, kafungiwa pamoja na bosi wake. Hatari haihitaji kupiga simu.

Waafrika wameshaionyesha hatari hii kwenye picha. Mwaka 1966 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa La Noire de..., kuhusu Diouana, binti wa Dakar anayepelekwa Ufaransa akidhani anakwenda kulea watoto, akageuzwa mtumwa wa jikoni hadi akajiua. Mwaka 2022 Nikyatu Jusu, Mmarekani mwenye asili ya Sierra Leone, alishinda tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance kwa Nanny, picha ya kutisha ya yaya Msenegali mjini New York.

Hapa kwetu sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na amri ya mishahara ya 2022 ilimpangia mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye kamera huku mkoani Songwe akitaka kututisha, asihangaike na muuaji wa kinyago na kisu. Amfuate binti wa miaka 13 anayeshuka kwenye basi Tunduma na mkoba mmoja, aliyeahidiwa kazi na mtu asiyemjua.