Mbwa Wasio na Majina Waliotangulia Kwenye Mashine ya Figo

Ukiwa unaishi Tunduma na una ndugu ambaye figo zimegoma, barabara unaijua vizuri. Alfajiri mnapanda gari, mnapita Vwawa, Mlowo, Songwe, Mbalizi, mpaka Hospitali ya Rufaa Mbeya, karibu kilomita 100. Mgonjwa analazwa pembeni ya mashine kama masaa manne. Damu inatoka, inasafishwa, inarudi mwilini. Halafu keshokutwa tena. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, na familia nyingi zimeuza kiwanja kwa sababu ya safari hizo.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Kabla binadamu hajalala kwenye mashine hiyo, walilala mbwa.

Twende mwaka 1913, Baltimore, Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Jamaa watatu, John Jacob Abel, Leonard Rowntree na B. B. Turner, walikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule lilionekana la ajabu: kuitoa damu ya mnyama aliye hai, kuipitisha kwenye mirija yenye vitundu vidogo sana iliyozamishwa kwenye maji ya chumvi, halafu kumrudishia mwenyewe. Uchafu mdogo mdogo upenye uende kwenye maji, damu yenyewe ibaki. Waliwapa mbwa dawa fulani ya jamii ya aspirini, kisha wakapima kama mashine inaitoa kwenye damu. Ilitoa. Magazeti ya Uingereza yakaibatiza jina, figo bandia.

Shida ilikuwa damu kuganda. Damu ikishatoka mwilini inaganda, na ikiganda kwenye mirija, kazi imeisha. Dawa ya kuzuia ilitoka wapi? Kwenye ruba! Ndiyo, ruba hawahawa wa madimbwini wanaokung'ang'ania mguuni. Mate yao yana kitu kinachozuia damu isigande, kwa hiyo maabara ilikuwa inaagiza ruba kutoka Hungaria na kuwakata vichwa ili kupata dawa.

Halafu 1914 vita ikalipuka Ulaya na ruba wakakatika. Vita hiyohiyo ilifika hadi huku, maana mpaka wa Tunduma ulikuwa ndio unaotenganisha Mjerumani na Mwingereza. Jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alikuja kusalimisha silaha Novemba 1918 pale Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo ya Zambia.

Ukombozi ulitoka kwa mbwa tena. Mwaka 1916, palepale Johns Hopkins, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Jay McLean alikuwa anachunguza maini ya mbwa akakuta kitu kinachozuia damu kuganda. Kikaja kuitwa heparini, jina linalotokana na neno la Kigiriki la ini. Mpaka leo heparini ndiyo inayotumika kwenye mashine nyingi za kusafisha damu.

Binadamu waliingia baadaye. Georg Haas wa mji wa Giessen, Ujerumani, naye alianza kwa mbwa, kisha mwaka 1924 akamuunganisha mgonjwa kwa dakika 15 tu. Kisha akaja Mholanzi Willem Kolff, mjini Kampen, wakati nchi yake ipo chini ya Wajerumani. Mwaka 1943 alitengeneza mashine kwa pipa la mbao linalozunguka na maganda ya selofeni ya kufungia soseji. Yaani ngozi ya soseji ndiyo ilikuwa figo! Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Aliyepona kweli alikuwa mama wa miaka 67, Septemba 1945, na umbea wake ni huu: alikuwa mfungwa aliyetuhumiwa kushirikiana na Wanazi, na watu mjini hawakuona sababu ya kumwokoa. Kolff akamwokoa. Inasimuliwa kwamba alipozinduka, jambo la kwanza alilosema ni kwamba anampa mumewe talaka. Na akampa.

Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle akatengeneza mrija wa kubaki mkononi mwa mgonjwa, na hapo ndipo watu wakaanza kuishi kwa mashine miaka na miaka. Mashine zikawa chache, wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya raia wa kawaida ya kuamua nani apate, nani afe. Walikuwa wanaangalia mtu ana kazi gani, ana watoto wangapi, anasali au hasali.

Na mbwa je? Kwa miongo mingi waliendelea kutumika maabara tu. Kusafishwa damu kwa sababu wao wenyewe ni wagonjwa kulikuja kwa kuchelewa sana. Jina linalotajwa zaidi hapo ni la daktari wa mifugo Larry Cowgill, wa Chuo Kikuu cha California pale Davis. Kufika miaka ya 1990 mbwa walikuwa wanalazwa Davis kama wagonjwa kamili.

Inavyofanyika siyo tofauti sana na ya Mbeya. Mrija mnene unaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, mbwa analala kwenye godoro, mara nyingi yuko macho, mtu anakaa naye anamshika kichwa. Ugumu upo kwenye ukubwa. Binadamu mzima ana kama lita tano za damu. Mbwa wa kilo 10 hafikishi hata lita moja, na mirija peke yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya hiyo, ndiyo maana hutumia vifaa vya watoto wachanga. Na mara ya kwanza haruhusiwi kusafishwa haraka, maana uchafu ukishuka kwa kasi ubongo unavimba.

Ila mbwa hawekewi mashine ili aishi nayo miaka kumi. Lengo ni kununua muda. Kama figo zimeumia ghafla, kwa sumu au maambukizi, mashine inazishikia kazi siku kadhaa mpaka zipone. Kama zimekufa taratibu kwa uzee, wengi hawaanzi kabisa. Bili yake ni maelfu ya dola, kwa hiyo kamati ya Seattle ipo bado, imehamia kwenye pochi ya mwenye mbwa.

Mwaka 2007 ndipo Wamarekani walipoona maana yake. Mbwa na paka walianza kufa figo nchi nzima. Chanzo kilikuwa chakula chao cha makopo na mifuko, kilichotengenezwa kwa unga wa ngano kutoka China uliochanganywa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili uonekane una protini nyingi. Mwaka mmoja baadaye melamini ileile ikakutwa kwenye maziwa ya watoto China. Watoto sita walikufa, na wengine karibu 300,000 wakaugua. Kengele ilikuwa imeshapigwa, ila waliopiga walikuwa mbwa.

Rudi Tunduma sasa. Mbwa wa hapa anafanya kazi. Usiku analinda yadi ya maroli, mchana anakunywa maji kwenye dimbwi lililopo. Dimbwi hilo panya wamelikojolea, na kwenye mkojo wa panya ndimo anamoishi mdudu wa homa ya mgunda. Ni ileile iliyotikisa Lindi Julai 2022, wagonjwa 20, vifo vitatu, watu wakitokwa damu puani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wameifuatilia kwa miaka mingi kwenye panya, mifugo na watu. Kwa mbwa inashambulia figo na ini, na ndiyo moja ya magonjwa ambayo mashine ya Davis huokoa wengi.

Huku mashine hiyo hamna. Kuna chanjo ya mgunda kwa mbwa, tofauti na ile ya kichaa, na kuna antibayotiki na dripu zinazosaidia ukiwahi. Tatizo ni kuwahi. Figo ni kiungo kinachovumilia: mpaka vipimo vya damu vionyeshe shida, kama robo tatu ya uwezo wake imeshaondoka. Dalili ni kunywa maji kupita kiasi, kukojoa ovyo, kukataa chakula, kutapika, mdomo kunuka mkojo. Wengi wakiona mbwa kanyong'onyea wanampa diclofenac ya dukani, wakidhani ni maumivu. Hiyo inamalizia figo zilizobaki. Zabibu za Dodoma nazo, ambazo mtoto anamrushia kwa upendo, zinaweza kumuua vilevile.

Asubuhi mlinzi anakuta bakuli la ugali halijaguswa na ndoo ya maji imekauka. Anampigia afisa mifugo, au anaijaza ndoo tena.