Ukinzani wa Sheria za Ubadilishaji wa Wachezaji katika Mpira wa Kikapu: Historia yake na Tafsiri ya Mwamuzi katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Sheria 13 alizozitunga James Naismith mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, zilimtaja mchezaji wa akiba mara moja tu, tena kwa kumkataza: aliyetolewa kwa kukusudia kumuumiza mwenzake hakuwa na wa kuchukua nafasi yake. Ruhusa ilipanuka polepole. Nchini Marekani, hadi mwaka 1920 aliyetoka uwanjani hakurudi. Kisha akaruhusiwa kurudi mara moja, kuanzia msimu wa 1933–34 mara mbili, na tangu msimu wa 1944–45 bila kikomo. Swali la mara ngapi likawa limekwisha. Lililosalia ni la lini, na humo ndimo ulimozaliwa ukinzani unaowasumbua waamuzi hadi leo.

Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa lililoundwa Geneva mwaka 1932, hazikutulia. Katika matoleo ya miaka ya 1990, mchezo uliposimama kwa ukiukaji kama vile kutembea na mpira, timu iliyopewa mpira ndiyo iliyokuwa na haki ya kuanza kubadilisha. Mpinzani alifuata iwapo tu yenyewe ilikuwa imebadilisha. Siku hizi timu zote mbili hupata fursa mpira ukiwa mfu, saa ikiwa imesimama na mwamuzi akiwa amemaliza kutoa taarifa mezani. Hata hivyo, alama ya upendeleo ule wa zamani ingalipo: katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne, kikapu kikifungwa saa husimama, na fursa hufunguka kwa timu iliyofungwa. Anayeijua kanuni ya jumla peke yake atawaruhusu wote. Aliyefundishwa kwa kitabu cha zamani atawanyima wenye haki kwingineko.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Tangu hapo wanafunzi wa Kayanga na wa Murongo huingia katika UMISSETA ngazi ya mkoa kama wapinzani. Katika michezo ya shule, filimbi mara nyingi hushikwa na mwalimu, na kitabu alichosomea chuoni ndicho kinachomwongoza. Kijiografia pia eneo hili limekaa mahali pa pekee: Kigali, ulikoanzia msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu Afrika mwaka 2021, ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam.

Mchezo wa watatu kwa watatu, ulioingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo, umeongeza mkanganyiko. Humo mchezaji wa akiba huingia mpira ukiwa mfu, bila kuiarifu meza wala mwamuzi, mradi mwenzake ametoka na wamegusana nyuma ya mstari wa mwisho ulio upande wa pili wa kikapu. Katika mchezo wa watano, kinyume chake, mchezaji wa akiba mwenyewe, wala si kocha, ndiye anayepaswa kwenda mezani kuomba. Kijana aliyezoea ule wa kwanza akiingia moja kwa moja hana hila. Amefuata sheria ya mchezo mwingine.

Wapo wanaopendekeza kwamba mwamuzi wa shule aamue kwa busara. Hoja hiyo ni dhaifu. Busara inafaa pale maandishi yanaponyamaza, na hapo kigezo kinapatikana katika historia yenyewe: mipaka iliyobaki inalenga kuzuia timu isijinunulie muda kwa kubadilisha. Maandishi yanapotaja timu moja, huruma kwa timu ya pili ni kuinyang'anya ya kwanza. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita, pambano hilo linaweza kuwa la mwisho kuiwakilisha wilaya yake.

Tena kosa hilo halina dawa ya baadaye. Makosa ambayo sheria za FIBA humruhusu mwamuzi kuyasahihisha mchezo ukiendelea yanahusu mitupo huru na pointi. Ubadilishaji ulioruhusiwa isivyo haki haumo. Kwa hiyo toleo la sheria linalotumika hutakiwa kutajwa katika kikao cha makocha na waamuzi, kabla mpira haujarushwa.