Kituo cha Sita na Jiwe Lililotabiriwa

Ukisafiri kwa garimoshi kutoka Wadi Halfa, mji wa Sudan ulio karibu na mpaka wa Misri, kuelekea kusini, reli itakupitisha katikati ya Jangwa la Nubia. Vituo vilivyojengwa humo jangwani havikupewa majina ya watu wala ya mahali, bali namba. Kimojawapo huitwa kwa Kiarabu Almahata Sitta. Neno la pili halihitaji mkalimani: sitta ni sita, kwa kuwa Kiswahili kiliichukua namba hiyo kutoka Kiarabu kama kilivyochukua saba na tisa. Neno la kwanza maana yake ni kituo. Basi hicho ni Kituo cha Sita, na kwa jina hilo lisilo na makuu kimeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Tarehe 6 Oktoba 2008, saa 3:39 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, jimbo la Arizona huko Marekani lilikuwa bado gizani. Kwa darubini iliyoko juu ya Mlima Lemmon, mtafiti Richard Kowalski aliona nukta ya nuru ikisogea miongoni mwa nyota zisizosogea. Kuona nukta ya namna hiyo ilikuwa kazi yake ya kila usiku. Hiyo ilikuwa asteroidi, yaani mojawapo ya miamba inayolizunguka Jua kama sayari zinavyolizunguka, ila ni midogo mno kuitwa sayari. Akapeleka vipimo vyake katika ofisi ya Massachusetts inayokusanya habari za miamba hiyo. Hesabu zilipofanywa, jibu lilikuwa la ajabu: nukta hii ilikuwa inakuja kuigonga Dunia, na ingefika baada ya saa 20 hivi.

Ilipewa jina 2008 TC3. Upana wake ulikuwa kama mita 4, na uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 80. Wataalamu wa NASA walitaja mahali, kaskazini mwa Sudan, na saa, kabla kidogo ya saa 11:46 alfajiri ya tarehe 7. Na ikawa hivyo. Jiwe liliingia katika angahewa, likawaka, likapasuka likiwa kilomita 37 hivi juu ya jangwa. Kabla ya alfajiri hiyo, hakuna mwanadamu aliyewahi kutangaza kwamba jiwe fulani litaanguka mahali fulani saa fulani, na likaanguka kweli.

Sasa tazama jinsi habari yenyewe ilivyosafiri. Ilitoka Arizona ikaenda Massachusetts, kisha California, ikavuka bahari hadi Uholanzi, ambako mtaalamu mmoja wa hali ya hewa aliliarifu shirika la ndege. Rubani aliyekuwa angani, umbali wa kilomita 1,400 hivi, aliangalia upande aliokuwa ameelekezwa akaona mmweko. Lakini habari hiyo haikufika Kituo cha Sita. Watu waliokuwa macho saa hizo za swala ya alfajiri, kule Wadi Halfa na vituoni, waliona moto ukipasua anga juu ya vichwa vyao, na hawakuwa wameambiwa lolote.

Jiwe lilikuwa dogo, na halikumdhuru mtu. Ndiyo sababu tunaweza kulizungumza kwa utulivu. Hata hivyo ningependa usilipite haraka jambo hili la nani anaambiwa na nani anasikilizwa, kwa maana historia nzima ya mawe ya angani imejaa kasoro hiyo.

Mwaka 1768 jiwe lilianguka Lucé, nchini Ufaransa, na watu waliokuwa mashambani walilishuhudia. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliwapa wasomi wake kazi ya kulichunguza, mmoja wao akiwa Lavoisier, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa baba wa kemia. Walihitimisha kwamba jiwe hilo halikutoka mbinguni. Lilikuwa la papo hapo ardhini, likapigwa na radi. Kwa maneno mengine, wakulima walidhani tu. Ilibidi zipite zaidi ya miaka 30. Mnamo tarehe 26 Aprili 1803 mawe zaidi ya 2,000 yalinyesha mchana kweupe karibu na mji wa L'Aigle, na serikali ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot. Biot alifanya jambo ambalo wakubwa wake hawakulifanya kwa dhati: alitembea kijiji kwa kijiji, akawauliza wanakijiji, akalinganisha ushahidi wao na mahali mawe yalipookotwa. Taarifa yake ndiyo iliyowanyamazisha wenye shaka.

Wazee wetu wa pwani, kwa upande wao, hawakuwa na ubishi kwamba kuna kitu hurushwa kutoka juu. Kimondo, walisema, ni kombora ambalo malaika humtupia shetani. Na huko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, wenyeji waliishi miaka mingi na kimondo cha chuma cha tani 16 hivi kabla wageni hawajakiandika vitabuni katika miaka ya 1930. Wakati mwingine husomwa kwamba kimondo hicho “kiligunduliwa” miaka hiyo. Neno hilo huniudhi kidogo, lakini tuendelee.

Uganda nayo ina habari yake. Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, mji wa Mbale ulinyeshewa mawe. Mtoto mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu zipatazo 3.6, kilichokuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, hakuumia. Mawe mengine yalikuwa mazito ya kuweza kuua. Wakati ule UKIMWI ulikuwa unaimaliza nchi, tena dawa hazikuwapo, na wapo watu walioyasaga mawe hayo wakayatumia kama tiba iliyoletwa na Mungu. Usiwacheke. Mtu aliyekosa maelezo na aliyekosa dawa hujitafutia vyote viwili popote anapovipata, na siku ile jibu lilikuwa limeanguka uani mwake.

Tukirudi Sudan: mwezi Desemba 2008, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na Peter Jenniskens kutoka Marekani, waliwapeleka wanafunzi jangwani. Walipangwa mstari mmoja mrefu, wakatembea polepole, macho chini, mithili ya wapalizi shambani. Wakaanza kuokota vijiwe vyeusi. Katika safari hiyo na zilizofuata vilipatikana vipande 600 hivi, vyote kwa pamoja vikiwa na uzito wa kilo 10 na kidogo. Vilikuwa vya aina adimu, na ndani yake mlikuwa na chembe za almasi. Hapo tena historia ikaandikwa: mawe ya kwanza kushikwa mkononi ambayo asteroidi yake ilikuwa imeonwa ikiwa bado angani. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanafunzi kama wewe.

Huenda unajiuliza kama tuna sababu ya kuogopa. Jibu linategemea ukubwa wa jiwe. Mwamba uliowamaliza dinosau miaka milioni 66 iliyopita ulikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, na miamba ya ukubwa huo karibu yote iliyo jirani na njia ya Dunia inajulikana. Inayotusumbua ni ile ya kati. Mwaka 1908 mmoja ulipasuka juu ya Siberia na kuangusha msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Na tarehe 15 Februari 2013, katika mji wa Chelyabinsk nchini Urusi, mwamba wa mita 20 hivi ulikuja kutoka upande wa Jua, ambako darubini haziwezi kutazama, kwa hiyo hakuna aliyeuona.

Chelyabinsk inafaa kusomwa kwa makini. Kulikuwa na nuru kali, halafu kimya cha zaidi ya dakika mbili. Watu walikimbilia madirishani kutazama. Kisha kishindo kikafika, vioo vikavunjika, na watu wapatao 1,500 wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo hivyo. Unajua mwenyewe kwamba umeme huonekana kwanza na ngurumo hufuata. Mwamba huu ulifuata kanuni ileile. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, bila kujua ni nini kilichowaka nje, aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya madawati. Yeye mwenyewe alikatwa na vioo mkononi. Katika watoto wake hakuna aliyeumia.

Mapema mwaka 2025 habari ya namna hii ilitukaribia tena. Asteroidi iliyoitwa 2024 YR4 ilikadiriwa kuwa huenda ingeigonga Dunia mwezi Desemba 2032. Uwezekano ulipanda hadi asilimia 3.1 tarehe 18 Februari, na ukanda ambamo ingeweza kuanguka ulipita Nigeria, Sudan na Ethiopia hadi Asia ya Kusini. Siku chache baadaye uwezekano huo ukashuka karibu na sifuri. Wengi walidhani wataalamu walikuwa wanabahatisha. Sivyo. Fikiria umepoteza ufunguo katika nyumba ya vyumba kumi. Kila chumba unachokipekua bila kuuona, uwezekano kwamba uko katika vyumba vilivyosalia huongezeka, mpaka utakapouona katika kimojawapo, na papo hapo uwezekano wa vingine vyote hutoweka. Hesabu za njia ya asteroidi huenda hivyohivyo.

Njia ya kujikinga nayo imeanza kujaribiwa. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani kilichoitwa DART kiligongeshwa makusudi kwenye asteroidi ndogo Dimorphos, inayoizunguka asteroidi nyingine kubwa zaidi. Mzunguko wake, uliokuwa wa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa zaidi ya dakika 30. Kwa hiyo mwamba unaweza kusukumwa, ilimradi uonwe miaka mingi kabla.

Usiku wa tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi iitwayo Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya zilipo setilaiti nyingi za matangazo ya televisheni. Haitatugonga. Watu wa Afrika watakaokuwa na anga isiyo na mawingu wataweza kuiona bila darubini, kama nyota isiyo kali sana inayosogea polepole kuelekea magharibi. Itakuwa siku ya Ijumaa.