Hodi ya Aliyepotea: Lugha ya Adabu katika Umalaya wa Nairobi ya Kikoloni

Kibarua wa Nairobi ya kikoloni alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Mkataba ulipokwisha alirejea kwao kulima, na aliporudi mjini alikuwa na mlango wa kubisha. Luise White, katika The Comforts of Home (1990), kitabu alichokijenga juu ya mahojiano na wakazi wa Pumwani, anaonyesha kuwa umalaya wa mji huo ulikuwa wa aina tatu: malaya, watembezi na wazi-wazi. Wanahistoria wameutumia uainishaji huo kueleza kazi na mapato ya wanawake. Mimi nausoma kama ushahidi wa kiisimu, kwani adabu iliyomhusu mteja, hasa aliyekawia kurudi, inaweza kufuatiliwa katika maneno yenyewe.

Mtembezi latokana na kitenzi tembea, ambacho katika kutembea na mtu hudokeza pia mapenzi. Wazi-wazi ni uradidi unaotia mkazo. Majina yote mawili yaeleza mwanamke alivyoonekana: mmoja njiani, mwingine mbele ya mlango wake, ambako wazi-wazi wa miaka ya 1930, wengi wao Wahaya, walikaa wakiwatajia wapita njia bei. Jina malaya halidokezi mahali. Aliyeitwa hivyo alikaa ndani, na aliyesogea ni mwanamume.

Akisogea, hubisha hodi. Wengi wa wanawake wa mwanzo wa Pangani, kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wa Pumwani, walikuwa wamesilimu, na desturi ya Waislamu wa Uswahilini inajulikana: hodi tatu, usipokaribishwa ondoka. Hodi humfanya mteja kuwa mgeni, na mgeni haulizwi fedha mlangoni. Hupewa chai, chakula, maji ya kuoga, pengine kitanda hadi asubuhi. Malipo hufuata baadaye.

Hapa ndipo kurudi baada ya muda mrefu kunapopata uzito. Bei inayotangazwa hadharani haina kumbukumbu: mteja wa wazi-wazi angeweza kutoweka mwaka mzima na asidaiwe maelezo. Mgeni hana uhuru huo. Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa hali yake, kupotea. Umepotea haambiwi mtu baki. Ni lawama na makaribisho kwa pamoja, nayo hudai jibu: udhuru, habari za nyumbani, salamu kamili kabla ya haja iliyomleta. Kwa mantiki hiyohiyo, akikuta mwingine amekwisha kukaribishwa, hana la kulalamikia, maana ugeni si milki.

Tusiipambe mno heshima hii. White anaeleza kwamba malaya, ambaye sifa yake kwa majirani ilikuwa mtaji, aliona afadhali kukosa ujira kuliko kugombana hadharani. Wazi-wazi alipiga kelele, akapigana, na majirani wakamsaidia. Basi lugha ya ugeni iliyompa mwanamke staha ndiyo iliyompa mwanamume mwanya wa kumdhulumu: angekunywa chai, akalala, akaaga kwa maneno matamu bila kulipa, na kimya cha mwenyeji kikamsitiri. Lakini desturi hiyohiyo ilimwachia mwenyeji silaha moja isiyo na kelele. Hodi haina nguvu mpaka iitikiwe. Mdeni aliyerudi baada ya miezi akidhani yamesahauliwa angeweza kubisha mara tatu na asisikie karibu, na kwa adabu aliyoitumia kuingia mara ya kwanza, akalazimika kuondoka.

Tofauti hizi hazimo katika fasili za kamusi tulizozoea, ambamo malaya ni kila anayeuza mwili wake. Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wangu wa uzamili waeleze maana ya neno hilo. Karibu wote waliandika kuwa ni mwanamke anayesimama barabarani usiku kungojea wateja. Huyo, kwa wakazi wa Pumwani, alikuwa mtembezi.